Laiki Elfu Tatu, Wasomaji Wangapi? Namna ya Kuzisoma Takwimu za Mitandao ya Kijamii kwa Mwenye Blogu

Mwenye blogu huulizwa swali moja na karibu kila mtu, kuanzia mdogo wake hadi mfanyabiashara anayetaka kuweka tangazo: "Unapata laiki ngapi?" Naye, kwa kuwa namba hiyo iko wazi chini ya chapisho lake la Facebook au Instagram, huitaja bila kusita, na pande zote mbili huachana zikiamini kwamba sasa zinajua kama makala imefanya vizuri au vibaya. Kwa kweli hakuna aliyejua lolote kuhusu makala. Wamejua kilichotokea Facebook, na makala haiko Facebook. Iko kwenye blogu, na msomaji hawezi kuifikia mpaka atoke kule alikoonyeshwa kichwa cha habari na picha.

Anayetaka kuielewa tofauti hiyo na alikumbuke kundi lolote la WhatsApp la kamati ya harusi alilowahi kuunganishwa, mara nyingi bila kuulizwa. Tuseme kundi lina watu 230. Katibu anaweka tangazo la mchango saa mbili usiku. Akiugusa ujumbe wake na kufungua taarifa zake ataona umewafikia wangapi na wangapi wameufungua. Baadhi wanaandika "Hongera sana", wengine wanaweka makopa na maua. Kumi na watano wanaongeza majina na ahadi zao kwenye ile orodha inayonakiliwa na kurefushwa kila baada ya dakika chache. Kisha, kwenye kikao cha mwisho, mweka hazina anasoma fedha zilizoingia taslimu. Hakuna mweka hazina anayelipia ukumbi kwa kuhesabu hongera, na hata ahadi huzitazama kwa jicho la pembeni.

Takwimu za mitandao ya kijamii zina ngazi hizo hizo, ila majina yake yanachanganya. Watu waliofikiwa ni idadi ya akaunti zilizoonyeshwa chapisho walau mara moja. Mara za kuonekana ni jumla ya kuonyeshwa kote, kwa hiyo mtu mmoja aliyepitishiwa chapisho mara nne huhesabiwa mara nne. Mwitikio ni kapu la jumla linalobeba laiki, maoni, kusambaza na kuhifadhi. Mbofyo ni kile kitendo cha kukigusa kiungo ili kwenda kwenye blogu. Usomaji ni kile kinachotokea baada ya hapo, na kuhusu hicho mtandao wa kijamii hauna habari ya kutosha, maana kimetokea nyumbani kwa mtu mwingine.

Neno "kuonekana" linastahili kutiliwa shaka zaidi kuliko mengine. Halimaanishi kwamba jicho la mtu lilitua juu ya chapisho. Linamaanisha kwamba chapisho lilipita kwenye kioo cha simu yake. Mitandao yenyewe inaipenda namba hii kwa sababu huwa kubwa kuliko zote. Twitter, ambayo leo inaitwa X, ilianza kuionyesha hadharani chini ya kila chapisho Desemba 2022, na Agosti 2024 Instagram ilitangaza kwamba mara za kutazamwa ndiyo itakayokuwa namba yake kuu kwa aina zote za machapisho. Mwandishi anayeziona namba hizo zikipanda asisahau kwamba aliyezichagua ziwe mbele si yeye.

Kwamba anayehesabu ndiye mwenye duka si jambo la kubuniwa. Kwa muda mrefu Facebook ilihesabu video kuwa imetazamwa pale ilipochezwa kwa sekunde 3. Septemba 2016 kampuni hiyo ilikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama video, ambao ilikuwa ikiwaonyesha watangazaji, ulikuwa na kasoro katika hesabu: muda wote uliotumiwa na watazamaji wote uligawanywa kwa idadi ya wale tu waliovuka sekunde 3. Ni sawa na mwalimu anayejumlisha alama za darasa zima, kisha akazigawa kwa idadi ya waliofaulu peke yao. Darasa lolote litaonekana la vipaji. Kampuni moja ya matangazo iliambiwa kwamba huenda wastani huo ulikuzwa kwa asilimia 60 hadi 80. Watangazaji walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 40 kuimaliza kesi bila kukiri kosa. Kabla ya hapo, vyumba vya habari vilivyoiamini namba hiyo vilikuwa vimepunguza waandishi na kuajiri wapiga video.

Laiki nayo ina historia yake. Kitufe chake kiliingia Facebook Februari 2009, na kwa miaka 7 mtu aliyesoma taarifa ya msiba alikuwa na njia mbili tu: aandike pole, au "apende" kifo. Februari 2016 ziliongezwa alama za upendo, kicheko, mshangao, huzuni na hasira. Baadaye ikajulikana, kupitia nyaraka za ndani za kampuni hiyo zilizofichuliwa na magazeti ya Marekani mwaka 2021, kwamba kuanzia 2017 kanuni za kompyuta zinazopanga nani aone nini ziliipa kila moja ya alama hizo mpya, hasira ikiwemo, uzito mara 5 ya laiki ya kawaida. Kwa maneno mengine, chapisho lililowaudhi watu lingeweza kusafiri mbali kuliko lililowafundisha. Mwenye blogu anayejumlisha mwitikio wote katika namba moja bila kuangalia umetokana na nini hutia pole, vicheko na matusi katika gunia moja, kisha akalipima.

Nifike sasa kwenye imani iliyoenea kuliko zote, kwamba anayesambaza amesoma. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani na wa taasisi ya Inria ya Ufaransa walichunguza viungo vya habari vilivyosambazwa Twitter, kutoka vyombo vikubwa kama BBC, CNN na The New York Times. Waligundua kwamba asilimia 59 ya viungo hivyo havikuwahi kubofywa hata mara moja. Twitter yenyewe ililichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba Juni 2020 ilianza kujaribu ujumbe mdogo wa kumuuliza mtu, kabla hajasambaza kiungo ambacho hajakifungua, kama asingependa kwanza kuisoma makala.

Sisi tusilione hilo kuwa geni. Mtu anayempelekea jirani yake kanga mara nyingi hampelekei pamba. Anampelekea yale maneno ya chini. Kichwa cha habari kinasambazwa kwa namna hiyo hiyo. "Wazazi msiwapeleke watoto bweni wakiwa wadogo" kinatumwa kwenye kundi la familia kwa ajili ya shemeji fulani, na kazi yake imekwisha pale shemeji anapokiona. Kusambaza ni kusema jambo kwa mdomo wa mwingine, na kwa hiyo idadi ya waliosambaza inaeleza vizuri sana nguvu ya kichwa cha habari, lakini inaeleza kidogo tu kuhusu aya 20 zilizo chini yake. Hata hivyo isitupwe. Utafiti ule ule ulionyesha kwamba mibofyo mingi ilitoka kwenye viungo vilivyosambazwa na wasomaji wa kawaida, kuliko vile vilivyowekwa na vyombo vya habari vyenyewe. Anayesambaza bila kusoma anaweza kumpata mwingine atakayesoma.

Hata mbofyo, ambao unakaribia usomaji, una mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba ripoti za Facebook hutofautisha mibofyo yote na mibofyo ya kiungo. Katika "yote" anahesabiwa aliyegusa picha ili kuikuza, aliyegusa neno la kuendelea kusoma maelezo, na aliyegusa jina la ukurasa wako kutaka kujua wewe ni nani. Mtu mmoja mwenye shauku anaweza kuleta mibofyo mitatu bila kuikaribia blogu. Wa pili ni mtandao na bando. Msomaji anakibofya kiungo akiwa kwenye daladala, ukurasa unaanza kufunguka, picha kubwa ya juu inavuta na kuvuta, anachoka, anarudi nyuma. Facebook imekwisha kuandika mbofyo, ilhali programu ya kuhesabu wageni iliyo kwenye blogu haikupata nafasi ya kuamka. Pengo kati ya namba hizo mbili likiwa kubwa, mara nyingi tatizo halimo katika uandishi. Limo katika picha ya megabaiti 4 ambayo ingeweza kupunguzwa. Kwenye Instagram hali ni kali zaidi, kwa sababu kiungo kilichoandikwa kwenye maelezo ya picha hakibofyeki kabisa. Mwandishi anayelalamika kwamba amepata laiki nyingi Instagram na wageni wachache kwenye blogu analalamikia mlango ambao haukujengwa.

Kabla ya kuendelea, niseme kwa ufupi kuhusu imani mbili. Kuna wanaoamini kwamba laiki nyingi huipandisha makala kwenye utafutaji wa Google; Matt Cutts, aliyekuwa msemaji maarufu wa Google kwa masuala ya utafutaji, alieleza mwaka 2014 kwamba hawatumii laiki za Facebook wala wafuasi wa Twitter kupanga matokeo. Kuna pia wanaonunua wafuasi. Hao wananunua kipimo kibovu, kwa sababu akaunti bandia hazibofyi wala hazisomi, na kila uwiano utakaokokotolewa baadaye utatoka mdogo kuliko ulivyostahili.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, hata hivyo, kosa kubwa zaidi la takwimu za mitandao linatokana na kile zisichoweza kukiona kabisa. Mwaka 2012 mwandishi wa Marekani Alexis Madrigal aliupa jina la mitandao ya gizani usambazaji unaopita kwenye barua pepe na ujumbe wa faragha, usioacha alama ya ulikotoka. Kwetu giza hilo ni WhatsApp. Ujumbe wake umefungwa kwa usimbaji, hivyo mwandishi hawezi kujua kiungo chake kimepita makundi mangapi. Msomaji anayekifungua kutoka huko mara nyingi huandikwa na programu ya takwimu kama mgeni wa "moja kwa moja", yaani kana kwamba aliiandika anwani nzima ya makala kwa vidole vyake, herufi kwa herufi. Ukiona makala yenye anwani ndefu kama ngonjera imepata wageni 300 wa moja kwa moja kwa siku moja, usidhani umepata mashabiki wenye kumbukumbu ya ajabu. Kuna kundi la wazazi, la kanisa, la vikoba au la chuo limeipata.

Kuna giza la pili, zito kuliko hilo, nalo ni kunakili. Mtu mwenye huruma na bando za wenzake huinakili makala yote, huibandika kwenye kundi, huweka nyota pembeni mwa vichwa vidogo ili viwe vizito, na mara nyingine hulisahau jina la mwandishi. Makala hiyo inaweza kusomwa na maelfu, ikamrudia mwandishi mwenyewe kwenye kundi la ukoo ikiwa na alama ya mishale miwili ya kutumwa mara nyingi, huku takwimu za blogu yake zikionyesha wageni 40. Hakuna programu itakayomhesabia hao. Anachoweza kufanya ni kuiacha sentensi moja katikati ya makala ikitaja jina la blogu kwa namna isiyokatika kirahisi, na kuwauliza watu walikoisoma.

Kwa viungo vinavyosafiri vikiwa vizima, dawa ipo na ni ya bure. Ni alama za kufuatilia zinazoongezwa mwishoni mwa anwani baada ya alama ya kuuliza, kwa mfano ?utm_source=whatsapp&utm_campaign=cheti. Herufi utm zilirithiwa kutoka Urchin, programu ya kuhesabu wageni wa tovuti ambayo Google iliinunua mwaka 2005 na kuigeuza kuwa Google Analytics. Kiungo cha kuweka WhatsApp kinapewa alama yake, cha Facebook chake, cha X chake, na programu ya takwimu husoma alama hiyo mgeni anapoingia. Ni kama kuwapa wauza tiketi watatu vitabu vya rangi tatu. Kasoro yake ni kwamba rangi haibadiliki: mtu akikitoa kiungo cha WhatsApp akakiweka Facebook, wageni wote wa Facebook wataandikwa wa WhatsApp. Facebook yenyewe hubandika alama yake inayoanza na fbclid, na wengi wamekwisha kuiona ikining'inia kwenye viungo vinavyotumwa katika makundi, bila kujua kwamba inaeleza kiungo kimetokea wapi.

Tuziweke sasa namba hizi pamoja katika mfano wa kubuni, usio mbali na mambo wanayoyaona wenye blogu. Mwandishi mmoja wa Dar es Salaam ameweka makala mbili katika wiki moja. Ya kwanza inahusu harusi ya msanii. Ya pili inaeleza hatua za kupata na kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi na vifo, jambo ambalo waombaji wa mikopo ya elimu ya juu wanalihitaji. Kwenye Facebook, harusi imewafikia watu 60,000, ikapata mwitikio 3,000 na mibofyo ya kiungo 300. Waliofika kweli kwenye blogu ni 210, na waliosoma kupita nusu ni 40. Cheti kimewafikia 4,000 tu, kikapata mwitikio 60, mibofyo 240, waliofika 190, waliopita nusu 120.

Anayetazama laiki ataandika harusi nyingine kesho. Lakini hebu tugawanye. Kati ya kila watu 1,000 walioonyeshwa harusi, 5 walibofya. Kati ya kila 1,000 walioonyeshwa cheti, walibofya 60. Harusi iliwashika hadi nusu asilimia 19 ya waliofika, cheti kikawashika asilimia 63. Kwa idadi kamili, tena bila kugawanya chochote, makala yenye mwitikio 60 imesomwa na watu mara 3 ya ile yenye mwitikio 3,000. Sababu haihitaji utaalamu: picha ya bibi harusi inamalizwa kutazamwa pale pale Facebook, hivyo kubofya hakumwongezei mtu kitu, ilhali mwenye shida ya cheti hana raha mpaka aifikie hatua ya mwisho. Na hatawahi kuweka laiki, kwa sababu hakuja kushangilia.

Muda nao una mtego wake. Katika matoleo ya zamani ya Google Analytics, ambayo yalisimamishwa Julai 2023, muda wa kusoma ulikokotolewa kwa kutoa saa ya kufungua ukurasa mmoja kutoka saa ya kufungua unaofuata. Msomaji aliyefungua makala moja, akaisoma dakika 8 kwa makini, kisha akaondoka, hakuwa na ukurasa unaofuata, na kwa hiyo aliandikwa sekunde sifuri. Wasomaji bora kabisa walihesabiwa kama waliokimbia, na wapo wenye blogu waliofupisha makala zao kwa kuiogopa sifuri hiyo. Toleo la sasa huhesabu muda ambao ukurasa ulikuwa mbele ya macho, na humchukulia mgeni kuwa ameshiriki akikaa zaidi ya sekunde 10, akifungua kurasa 2 au zaidi, au akitimiza kitendo ambacho mwenye blogu amekitaja kuwa muhimu. Sekunde 10, kwa maoni yangu, ni chache mno kwa makala ya maneno 1,500. Kipimo cha kupita nusu ya ukurasa kinasema zaidi.

Haya yote hayamfanyi mwandishi wa harusi kuwa mjinga. Kama shabaha yake wiki hiyo ilikuwa jina la blogu lijulikane, watu 60,000 walioliona ni mali, na kuna mtangazaji atakayelipia kuonekana huko huko Facebook. Kama shabaha ni mapato ya matangazo yanayokaa kwenye blogu yenyewe, wanaohesabika ni wale waliofika. Kama ni kuwafundisha watu, ni waliomaliza. Kipimo kimoja hakiwezi kujibu maswali matatu, na vita vingi kati ya waandishi na wanaowalipa huanza pale kila upande unapokuwa na swali lake kichwani bila kulitaja.

Charles Goodhart, mwanauchumi wa Uingereza, aliliona jambo la jirani na hili mwaka 1975 alipokuwa akiandika kuhusu fedha, na wazo lake baadaye likafupishwa hivi: kipimo kikigeuzwa kuwa shabaha, huacha kuwa kipimo kizuri. Mwandishi anayelipwa kwa laiki atajifunza kuandika vichwa vya habari vinavyochokoza, na laiki atazipata. Anayelipwa kwa kurasa zilizofunguliwa ataikata makala moja vipande 6. Kwa sababu hiyo ni busara kuzitazama namba mbili au tatu zinazovutana, kwa mfano mibofyo pamoja na waliopita nusu, ili ukiidanganya moja nyingine ikusute.

Tena makala isipimwe kwa siku moja tu. Chapisho la Facebook au X hupata sehemu kubwa ya maisha yake katika siku mbili za kwanza, kisha hufukiwa na mengine. Makala ya cheti itafufuka kupitia Google kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo linapofunguliwa, na wakati huo hakuna mtandao wa kijamii utakaojua. Mwandishi anayeweka daftari, akaandika namba za siku ya 2, za siku ya 30 na za baada ya miezi 6, ataiona harusi ikiporomoka hadi karibu na sifuri huku cheti kikipanda.

Katika daftari hilo iachwe nafasi ya maneno, maana kipimo chenye habari nyingi kuliko vyote hakijumlishwi. Ni maoni. "Safi sana kaka" 40 hazilingani na swali moja la mama anayeuliza afanye nini ikiwa jina la baba kwenye cheti cha mtoto limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye cheti cha kumaliza shule. Huyo amesoma hadi mwisho, ameona makala haikumfikisha, na ameandika. Akiuliza wa pili, na wa tatu, makala inayofuata imekwisha kupata kichwa chake.